Miguu miwili, kofi moja: "We Will Rock You" ilitoka wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari huku Tanga. Kila tukicheza na shule jirani, wanafunzi wangu wanakanyaga mara mbili, wanapiga kofi moja, halafu wanaimba "We Will Rock You", ingawa wengi hawajui hata maneno yake yanasema nini. Mwenzangu mmoja ofisini anashikilia kwamba Freddie Mercury, kwa kuwa alizaliwa Unguja, aliuchukua mdundo ule kwenye ngoma za kwao. Ni kweli? Na kwa nini wimbo huu unawakolea haraka kuliko nyimbo tunazowafundisha wiki nzima?

Jibu: Mwalimu, nianze na mwenzako wa ofisini ili ubishi huo uishe mapema. Freddie Mercury hakuutunga wimbo huu. Aliuimba, na sauti yake imemfunika mtunzi hadi wengi hawamjui, lakini mwenye wimbo ni Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya roki ambayo Mercury alikuwa mwimbaji wake, Mwingereza aliyezaliwa Hampton, pembeni mwa London, mwaka 1947. Mdundo nao haukutoka Unguja. Ulitoka kwa watu waliobanana katika jumba moja la maonesho ya kilimo katikati ya Uingereza, waliokataa kwenda nyumbani. Unguja nitairudia baadaye, maana mwenzako hajakosea kila kitu.

Jumba hilo ni Bingley Hall, mjini Stafford. Ukitaka kuliona kichwani, fikiria viwanja vya Nanenane, weka humo banda moja kubwa lenye paa, kisha toa viti vyote. Queen walipiga hapo tarehe 29 Mei 1977. Mashabiki walisimama bega kwa bega, na kwa jinsi May alivyosimulia mara nyingi tangu siku hiyo, hawakunyamaza usiku kucha. Onesho likaisha, bendi ikashuka jukwaani. Kwa kawaida hapo watu hupiga kelele na miluzi kuwaita wanamuziki warudi. Hawa wa Stafford wakaanza kuwaimbia Queen wimbo ambao hata si wa Queen: "You'll Never Walk Alone".

Wanafunzi wako wanaoshabikia Liverpool watakuwa wanaujua. Rodgers na Hammerstein waliutunga kwa ajili ya tamthilia ya muziki ya Marekani iliyooneshwa mwaka 1945. Gerry and the Pacemakers, vijana wa Liverpool, wakaurekodi mwaka 1963, na mashabiki wa Anfield wakaufanya wao. Wimbo wa jukwaa la waigizaji ukawa mali ya watu wanaolipa kiingilio cha mpira. May alikuwa nyuma ya jukwaa akiusikia ukiimbwa na ukumbi mzima, bila ala, bila kiongozi, na ulimwingia.

Ili uone kwa nini ulimwingia hivyo, kumbuka Queen walikuwa wanapiga muziki wa namna gani. "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975, iliyokaa wiki 9 kileleni Uingereza, ilijengwa studio kwa kupandisha sauti juu ya sauti hadi watu wachache wakawa kwaya kubwa. Sehemu yake ya katikati, ile ya opera, wenyewe hawakuweza kuiimba jukwaani. Ikifika hapo walikuwa wanashuka, kanda inapigwa, kisha wanarudi na magitaa. Ulikuwa muziki wa kuushangaa. May amekiri kwamba mwanzoni kusikia ukumbi ukiimba pamoja nao kuliwakera, kwa sababu bendi za roki za wakati wao zilizoea kusikilizwa. Stafford ilimgeuza. Akajiuliza: watu hawa wamebanana, hawana nafasi ya kucheza, mikononi hawana chochote. Wanaweza kufanya nini? Wanaweza kukanyaga, wanaweza kupiga makofi, wanaweza kuimba. Akaenda kulala, na anasema alipoamka asubuhi wimbo ulikuwa umeshakaa kichwani.

Swali hilo la May ndilo lililoutunga wimbo, kwa hiyo nakuomba ukae nalo kidogo. Sisi wengine tunaoandikia kwaya huanza na jambo tunalotaka kusema, au na sauti iliyotujia njiani, kisha tunatafuta waimbaji na kuwalazimisha waifuate. May alianza na mwili wa mtu aliyesimama kwenye msongamano: huyu miguu yake iko huru kiasi gani, mikono yake inafika wapi, pumzi yake inatosha sentensi ngapi. Alichokiandika hakizidi uwezo huo hata kidogo. Nyimbo unazowafundisha wiki nzima pengine ni nzuri kuliko huu, lakini ziliandikwa kwa ajili ya watu waliokaa, wametulia, na wana mwalimu mbele yao.

Kurekodi ndiko kunakonifurahisha kuliko yote. Queen waliingia studio za Wessex, kaskazini mwa London, katika jengo ambalo zamani lilikuwa ukumbi wa kanisa. Humo walikuta mbao kuukuu zimelala tu. Wakazirundika, wakapanda juu yake, wakaanza kukanyaga na kupiga makofi huku maikrofoni zikinasa, wakarudia na kurudia, kila mara wakiongeza juu ya yaliyonaswa. Lakini hata ukirudia mara nyingi, watu wachache juu ya mbao husikika kama watu wachache juu ya mbao. May alitaka uwanja.

Na hapa ilisaidia kwamba mpiga gitaa huyu alikuwa mwanafizikia. Alisoma Imperial College, London, akaanza utafiti wa udaktari juu ya vumbi linalozunguka Jua, akauacha kwa ajili ya muziki, na akarudi kuumaliza mwaka 2007. Alijiuliza kitu ambacho fundi mitambo wa kawaida asingejiuliza: ukisimama katikati ya watu elfu wanaokanyaga pamoja, unasikia nini hasa? Unamsikia jirani yako sasa hivi, wa safu ya tano punde baadaye, wa ukutani baadaye zaidi, kwa sababu sauti husafiri na ina mwendo wake, takribani mita 340 kwa sekunde. Basi akachukua vishindo vile na kuvitolea nakala zilizocheleweshwa kidogo, kila nakala kwa muda wake, kama vile imetoka kwa mtu aliyesimama mbali kwa kiasi fulani. Na masafa hayo akayapanga kwa namba tasa.

Kwa nini namba tasa? Chukua nakala zilizocheleweshwa kwa 10, 20, 30, 40. Zinapangana kama ngazi, na sikio hulitambua hilo mara moja: linasikia mwangwi, kama mtu aliyepiga kelele ndani ya bomba. Zicheleweshe kwa 11, 13, 17, 23, hapo hakuna inayogawanyika kwa mwenzake, hazioani, na sikio halipati ngazi ya kushika. Linachosikia ni watu. Ndiyo maana ukisikiliza rekodi ile kwa makini hutasikia mwangwi hata mmoja, na bado unajiona umezungukwa na umati. Mimi nimeisikiliza nikiwa na vipokea sauti masikioni zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, na kila mara nahisi kuna mtu amesimama nyuma ya bega langu la kushoto.

Sasa angalia ambacho hakimo. Hakuna seti ya ngoma, hakuna besi, hakuna kinanda. Kwa sehemu kubwa ya dakika mbili za wimbo kuna miguu, makofi na sauti za watu, basi. Katika bendi iliyokuwa na Roger Taylor kwenye ngoma na John Deacon kwenye besi, kuwaacha wote wawili bila ala zao ulikuwa uamuzi mzito. Mwaka 1977 huo muziki wa panki, roki ya ala chache na kelele nyingi, ulikuwa umeivamia London, na ndani ya Wessex hiyohiyo bendi ya panki ya Sex Pistols ilikuwa ikirekodi. Wapo wanaosema Queen walipunguza ala kwa sababu ya upepo huo. Mimi naona Stafford ilitosha.

Mdundo wenyewe tuugawe vipande vinne vilivyo sawa: kanyaga, kanyaga, kofi, kimya. Kasi yake ni mapigo kama 81 kwa dakika, na kila pigo lina vipande viwili, kwa hiyo kipande kimoja ni karibu theluthi moja ya sekunde na ushei. Sasa nenda uwanjani. Kutoka goli hadi goli kuna mita kama 100, na sauti huchukua karibu theluthi ya sekunde kufika. Maana yake kishindo cha waliokaa nyuma ya goli la kaskazini kinawafikia wa kusini kikiwa kimechelewa karibu kipande kizima. Mdundo wenye mambo mengi ungevurugika hapo na kuwa uji. Huu haufi, kwa sababu mguu una sauti nene na kofi lina sauti kali, haviwezi kuchanganywa hata vikichelewa, na kwa sababu kile kipande cha nne ni kitupu. Kofi lililochelewa linaangukia kwenye kimya, linapokelewa, halimkanyagi mtu.

Kimya hicho ndicho watu wanachokila. Niliwahi kuwapanga wanakwaya kama 60 kwenye ukumbi wenye sakafu ya mbao nikitaka tuufanye kwa usahihi. Dakika ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili tulikuwa tunakimbia, na ya tatu hakukuwa tena na kimya chochote, ni makofi juu ya miguu. Nilidhani kosa ni la vijana waliokaa nyuma. Kumbe nilikuwa nawahesabia "moja, mbili, tatu", nikawa sijawapa namba ya kukaa kimya. Nilipoanza kuhesabu hadi nne na kufungua viganja hewani kwenye ile ya nne, walitulia.

Sauti ya kiitikio nayo ina siri ndogo ambayo, kwa kuwa huenda na wewe umelelewa kwenye kwaya, utaiona papo hapo. Iandike kwa solfa: do, ti, la, so, la, la. Noti nne tofauti tu. Zinashuka ngazi moja moja, hakuna kuruka, kisha inapanda ngazi moja na kukaa. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza, mzee aliyepotewa na sauti anaiweza, na anayeimba nje ya noti haharibu sana maana sentensi ni fupi na haielei juu. Ilinganishe na "We Are the Champions", wimbo wa Mercury aliouandika kipindi hichohicho akiwa naye anawafikiria watu wa viwanjani. Ule ni mzuri mno, wa mwendo wa sita kwa nane, unayumbisha mabega, lakini unapanda hadi mahali ambapo mwanamume wa kawaida hafiki. Watu huuimba kwa upendo huku sauti zikikatika. Huu wa May haukatiki.

Mwaka huo nyimbo hizo mbili zilitoka kwenye santuri moja, mwezi Oktoba 1977, "We Are the Champions" mbele na "We Will Rock You" nyuma yake, kisha zikafungua pamoja albamu ya News of the World. Uingereza santuri ilifika namba 2, Marekani namba 4. Redio za Marekani zikaanza kuzipiga zikiwa zimefuatana kama wimbo mmoja, ndiyo sababu wengi wetu tukisikia gitaa la mwisho tunalisubiri piano la Mercury lianze. Kutoka redioni zikaingia kwenye viwanja vya mpira wa kikapu na hoki, na baada ya hapo hakuna tena anayeweza kuzifuatilia.

Kuhusu maneno. Kiitikio kinasema kitu kama "tutawatikisa", na wanafunzi wako wanakitupa upande wa pili kama kitisho, jambo ambalo kwenye mechi ni halali kabisa. Lakini beti ni tatu na ni za mtu mmoja mmoja: kwanza mtoto anayecheza barabarani akiota kuwa mtu mkubwa, halafu kijana mwenye ghadhabu anayetaka kuishika dunia, mwisho mzee masikini anayeomba amani kwa macho. Wote watatu wana uchafu usoni, wote wanasimangwa. Ni maisha ya mtu kutoka utoto hadi uzee ndani ya dakika moja na nusu, na yana majonzi. Mercury anaziimba peke yake juu ya vishindo, kama mtu anayepiga kelele sokoni, na kila ubeti ukiisha umati unamjibu. Nimewahi kuwauliza watu wazima wanaoujua wimbo huu tangu utoto kama wanamkumbuka yule mzee. Hakumbukwi.

Gitaa la May linangoja hadi karibu nusu dakika ya mwisho. Linaingia kwa mlio mmoja mrefu unaoning'inia chini ya sauti za watu kabla halijaanza kusema lake, na mara linapomaliza, wimbo umekwisha, umekatwa kama kamba. Gitaa hilo alilitengeneza mwenyewe na baba yake nyumbani kuanzia mwaka 1963, na shingo yake ni mbao iliyotoka kwenye fremu ya meko ya zamani. Analipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki. Mtu wa namna hiyo kukutana na mbao kuukuu studio na kuona ni ngoma, si ajabu.

Sasa Unguja. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumwita Freddie Mercury, alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 Zanzibar, mtoto wa wazazi Waparsi, watu wa India wenye asili ya Uajemi. Baba yake alikuwa mshika fedha wa mahakama katika serikali ya wakoloni. Akiwa na miaka 8 alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikojifunza piano na kuwa na bendi yake ya kwanza ya shule, The Hectics. Alirudi Zanzibar mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Feltham, karibu na London. Leo Mji Mkongwe kuna jumba la makumbusho kwa jina lake, lililofunguliwa mwaka 2019. Yeye mwenyewe hakupenda kuzungumzia utoto wake mbele ya waandishi.

Kwa hiyo mwenzako ana mtu wa kweli na mahali pa kweli. Anachokosa ni mdundo. Sikiliza kidumbak cha Unguja: ngoma mbili ndogo, sanduku la kupigia besi, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (njuga za kutikisa), na kila ala ina lake la kusema, zinakimbizana na kuachiana nafasi, na anayecheza anachagua amfuate nani. Vishindo vya May ni kinyume chake, kila mtu anafanya kitu kilekile kwa wakati uleule. Ukimwita mzee anayepiga kidumbak aje asikilize "We Will Rock You" kama ngoma ya kwao, atakuuliza wengine wako wapi.

Ila kuna kitu kimoja ambacho namwachia. Wimbo ule, kama ulivyoandikwa, unahitaji manju, mtu wa kusimama mbele ya waitikiaji na kuwapa sauti wanayoweza kuirudisha. Mercury alikuwa manju kuliko mwimbaji yeyote wa roki ninayemjua. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, mbele ya watu kama 72,000, aliwatupia sauti tupu zisizo na maneno, wakamrudishia, akawatupia ngumu zaidi, wakamrudishia tena. Dakika chache baadaye akawapa "We Will Rock You" na hawakuhitaji kufundishwa. Mwaka 2012, katika kufunga Olimpiki ya London, picha yake kwenye skrini iliwatupia sauti zilezile, naye amekwishafariki tangu Novemba 1991, na uwanja ukamwitikia. Kuitikia kunafundishwa makanisani, kwenye maulidi, ngomani na viwanjani dunia nzima, kwa hiyo sidai alikutoa Unguja. Lakini katikati ya "Bohemian Rhapsody" kuna neno "Bismillah", na mtoto wa Mji Mkongwe hakuhitaji kamusi kulijua. Mwenzako akitaka ushahidi wa alipotoka Mercury, aanzie hapo, mdundo amwachie May.

Kwa mechi yenu ijayo, nina mawili ya kazi. Msimweke kiongozi mwishoni mwa jukwaa la watazamaji kama mnavyofanya wengi, mwekeni katikati, ili asiwe mbali na mtu yeyote na kishindo chake kiwafikie wote karibu pamoja. Afungue viganja hewani kwenye ile ya nne. Na benchi zikiwa za zamani, wakanyage ardhini, sauti itapungua kidogo lakini makofi yatawatosha.

La pili, waache waandike beti zao kwa Kiswahili. Vishindo vinabaki, kiitikio kinabaki kama wanakipenda, lakini juu ya vile vishindo kuna nafasi ya mtu mmoja kupiga kelele kuhusu mtoto wa mtaani kwao, kaka yake, au mzee anayeuza karanga nje ya geti la shule. Anayeimba ubeti aanze mara baada ya kofi, kwenye kimya, asisubiri mguu.